Kabla ya Jumamosi

Ujumbe ulinifikia Ijumaa saa tatu na robo usiku: "Dada, zipu imegoma." Chini yake ilikuwapo picha ya mgongo wa mteja wangu, iliyopigwa na mdogo wake chumbani kwao Mbezi, na katika picha hiyo zipu ya gauni la satini la rangi ya zumaridi alilolikodi kwangu ilikuwa imesimama upana wa vidole vinne chini ya pale ilipotakiwa kufika. Sherehe yake ya kuagwa, ambayo sisi wa Dar es Salaam tumezoea kuiita sendofu, ilikuwa kesho yake jioni. Ukumbi ulikuwa umelipiwa, kamati ilikwisha kugawana kazi, mpambaji alikwisha kupokea arbuni yake, na zumaridi ndiyo rangi iliyotajwa kwenye kadi. Yule dada alikuwa amenitumia vipimo vyake siku kumi na moja kabla, vikiwa vimeandikwa vizuri kwa inchi: kifua 38, kiuno 32, nyonga 44. Nililipima gauni lenyewe, nikaona linampita kidogo kila mahali, nikamjibu kwamba litamkaa. Halikumkaa.

Usiku uleule nilimrudishia fedha zake zote, kodi pamoja na dhamana, na asubuhi nilizunguka maduka mawili ya jirani kumtafutia gauni lingine la rangi ile bila mafanikio. Alivaa gauni la dada yake, la buluu, akaingia ukumbini katikati ya watu waliovaa zumaridi. Hakunitukana wala hakuniandikia vibaya mahali popote, na upole wake ulinikaa moyoni kuliko ambavyo ukali ungenikaa. Tangu hapo nimekuwa nikishughulika na swali moja kuliko maswali mengine yote ya biashara hii: mtu anayekodi nguo kwa simu ajaribishwe vipi, lini, na kwa gharama ya nani?

Mtu anayenunua gauni lisilomkaa bado ana njia. Atalipeleka kwa fundi afumue mshono, atoe akiba iliyoachwa ndani, apunguze kiuno au aongeze pindo. Na ikishindikana kabisa ataliweka kabatini mpaka mwili upungue au mdogo wake akue. Anayekodi hana hata njia moja kati ya hizo. Gauni si mali yake hata alikate, anakaa nalo siku chache tu, na siku anayolihitaji imekwisha kuchapwa kwenye kadi za watu mia mbili. Kinacholipiwa hasa katika kukodi ni uhakika wa Jumamosi moja, na uhakika huo haupatikani mpaka mwili umeingia ndani ya nguo. Wazee wetu walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na wapo wanaoitumia methali hiyo kuwadharau wasichana wanaokodi. Mimi, baada ya miaka hii, naisikia kama onyo la kifundi: nguo iliyoshonwa kwa mwili wa mwingine haijaahidi kukutosha wewe, kwa hiyo ijaribu mapema.

Nilianza mwaka 2019 nikiwa na magauni saba, kabati moja na simu. Picha niliziweka Instagram, maagizo nikayapokea kwa WhatsApp, na fedha zikaja kwa simu. Wateja wangu wengi walikuwa hawana muda wa kuzunguka hapa Sinza duka kwa duka, maana walikuwa kazini mchana kutwa au walikuwa wakiishi mbali, na niliamini kwamba vipimo vitatu na namba ya saizi vinatosha kuziba pengo la chumba cha kujaribia nguo. Nilikosea katika mambo yote mawili.

Nianze na namba. Gauni lilelile linaloitwa 14 Uingereza ni 10 Marekani, na katika sehemu kubwa ya Ulaya ni 42. Magauni yanayotoka Uturuki hubeba namba za Ulaya. Yanayotoka China huja na herufi, na XL ya huko mara nyingi ni ndogo kuliko L ya Uingereza. Hata ndani ya nchi moja namba hazina mwenyewe. Mwaka 1939 na 1940 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliwapima wanawake wapatao 15,000, kila mmoja vipimo 59, ili viwanda vya nguo vipate kigezo kimoja. Vipimo vya wanawake wasio weupe havikuingizwa katika hesabu. Juu ya kazi hiyo kiliwekwa kiwango cha saizi mwaka 1958, kikaondolewa mwaka 1983, na viwanda vikaendelea kujipangia namba kila kimoja kwa namna yake. Ninapokutana na mteja mwenye kiuno cha inchi 30 na nyonga za inchi 46, akiulaumu mwili wake kwa sababu 12 inambana chini na 16 inampwaya juu, humweleza historia hiyo kwa ufupi, kwa sababu ninaona inamwondolea mzigo ambao hakustahili kuubeba. Namba zile hazikumhesabu hata kidogo.

Vipimo navyo vina matatizo yake. Tepu ya fundi ina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili, na mtu anayejipima peke yake mbele ya kioo huishika ikiwa imejipinda mgongoni bila kujua. Kiuno, kwa wengi wetu, ni pale mkanda wa suruali unapokaa, ilhali kwa gauni ni juu zaidi, pale mwili unapojikunja mtu akiinama pembeni. Mteja wangu wa zumaridi alijipima kifua akiwa na sindiria nyepesi ya kila siku, lakini siku ya kuvaa akaweka sindiria ya sponji ambayo gauni la namna ile huihitaji. Satini yenyewe haikuchanganywa na uzi wowote wa kuvutika. Inchi moja iliyoongezeka kifuani ikala nafasi yote niliyodhani ipo, na pengine alikuwa pia amebeba maji mwilini, kama inavyotutokea wanawake siku fulani za mwezi. Kati ya hayo yote hakuna ambalo ningeliona kwenye tarakimu zake tatu.

Nilipoanza kutafuta wengine wanafanyaje, niliisoma sana habari ya Rent the Runway ya Marekani, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2009 na Jennifer Hyman na Jennifer Fleiss. Kabla ya kufungua biashara, wanawake hao wawili walinunua magauni wakayajaribu sokoni kwa wanafunzi wa vyuo. Mara ya kwanza, Harvard, waliwaruhusu wasichana wayavae kabla ya kukodi. Mara ya pili, Yale, waliwaruhusu kuyaona bila kuyavaa. Mara ya tatu waliwaonyesha wanawake wengine picha peke yake. Waliokodi kwa picha walikuwa wachache zaidi, lakini walikuwapo, na hilo liliwatosha kuamini kwamba biashara ya mtandaoni inawezekana. Tatizo la saizi walilitatua kwa kumpelekea mteja gauni lilelile katika saizi mbili kwa bei moja, achague linalomkaa. Baadaye walifungua na maduka ya kujaribia, kisha mwaka 2020 wakatangaza kuyafunga.

Niliipenda njia ile ya saizi mbili, na kwa wiki kadhaa niliamini nimepata dawa. Kisha nikasimama mbele ya kabati langu. Mimi nina gauni moja la kila aina. Zumaridi ile ni moja, dhahabu ni moja, lile la lesi ya divai ni moja. Nililinunua kila gauni kwa fedha niliyoweka akiba, na nikinunua la pili la rangi ileile katika saizi nyingine nitakuwa nimenyima nafasi gauni ambalo mteja hajawahi kuliona. Saizi mbili ni tiba ya mwenye bohari. Kwa mwenye kabati, saizi ya pili ni gauni jingine kabisa, na mteja aliyekwisha kulipenda moja hataki kuambiwa habari za jingine siku mbili kabla ya sherehe. Inabidi aambiwe mapema, wakati moyo wake bado haujatulia juu ya moja, na mapema hiyo ndiyo nilikuwa siijui.

Nikaamua, kwa hasira ya usiku ule, kwamba kila mteja ataletewa gauni nyumbani alijaribu bure. Huduma ile ilidumu miezi mitatu na karibu initoe katika biashara. Bodaboda ya kwenda Mbagala na kurudi Sinza ilinigharimu sehemu kubwa ya faida hata kabla mteja hajasema ndiyo. Wengine waliomba magauni manne ili wachague, na magauni manne yaliyo njiani ni magauni manne ambayo hakuna mwingine anayeweza kuyaona. Mmoja alilibakiza gauni hadi kesho yake kwa sababu shangazi yake alikuwa hajafika kuliona, na wakati huohuo kulikuwa na mtu Tabata aliyekuwa akilisubiri gauni hilohilo. Gauni jeupe la maziwa lilirudi na mstari wa fondesheni ndani ya shingo, ukachukua siku mbili kutoka. Walioniumiza zaidi, hata hivyo, ni wale waliojaribu, wakapenda, wakanyamaza. Sikuwa nimewapa sababu yoyote ya kunijibu.

Hapo ndipo nilipolazimika kukiri jambo ambalo wenzangu wengi katika kazi hii hawapendi kulisema: kujaribu nguo ni kazi, na kazi ina bei. Nikaweka ada ya shilingi 20,000 kwa mjini, ya magauni yasiyozidi mawili, ambayo inamlipa msaidizi wangu anayelipeleka na kusubiri kwa dakika arobaini. Mteja akilikodi gauni, ada ile inaingia ndani ya kodi, kwa hiyo hajalipa chochote cha ziada. Asipolikodi, ada haimrudii, kwa maana kazi imefanyika. Niliogopa kwamba wateja wangekimbia. Waliopungua ni waliokuwa wakitaka kuvaa wapige picha tu. Waliobaki waliniuliza maswali mazuri zaidi, na karibu wote walifika siku ya kujaribu wakiwa wamejiandaa.

Lakini ada hiyo haina maana kama utaratibu wa fedha nyingine haujabadilika nayo, na hapa ndipo ninapoomba wenye biashara kama yangu wanisikilize kwa makini. Kawaida yetu ni kuchukua arbuni, tukamwambia mteja kwamba haitarudi, kisha gauni tunampa siku moja au mbili kabla ya shughuli. Utaratibu huo unamfanya mteja abebe hatari ambayo hana uwezo wa kuipima, kwa kuwa bado hajaigusa nguo, na sisi tulio na nguo mkononi hatubebi kitu. Sasa arbuni yangu inarudi yote mpaka siku ya kujaribu. Siku ya kujaribu haiwi chini ya siku kumi kabla ya sherehe, na mteja haendelei kulipa hata shilingi moja mpaka amelivaa akasema limemkaa. Baada ya hapo arbuni hairudi tena, na ana siku tatu za kumalizia kodi. Kwenye daftari langu tarehe ya mteja ambaye hajajaribu huandikwa kwa penseli. Akishajaribu, naiandika kwa wino.

Siku kumi hazikuja kwa kubahatisha. Zikipungua, fundi hapati nafasi ya kupiga bandi mahali panapopwaya, yaani kushona kwa mkono kwa uzi mrefu unaofumuliwa baadaye bila kuacha alama, na gauni jingine likihitajika halipatikani. Zikizidi sana, mwili unabadilika. Bibi harusi hupungua kwa mawazo na kukosa usingizi. Anayenyonyesha hutofautiana asubuhi na jioni. Na mwenye mimba ya miezi mitano sio yule wa miezi mitano na nusu. Kwa wajawazito na wanaonyonyesha nimeweka majaribio mawili kwa ada moja, la pili siku nne kabla, na sijawahi kulijutia hilo.

Wateja walio karibu hupenda kuja wenyewe. Nimetenga chumba kimoja nyumbani, chenye kioo kirefu, feni, pazia zito na mlango unaofungwa kwa ndani, na ndani ya chumba hicho haingii mwanamume wala simu ya mtu mwingine isipokuwa ya mteja mwenyewe. Wateja wangu wengi ni wanawake wa Kiislamu ambao hawataki kubadili nguo nyuma ya shuka lililotundikwa kwenye kona ya duka, na hata wasio Waislamu huniambia kwamba stara ndiyo iliyowafanya warudi. Napendelea waje asubuhi kabla joto la Dar es Salaam halijapanda, kwa sababu jasho na satini havipatani.

Naomba nieleze jinsi tunavyojaribu, maana nimegundua kwamba watu wengi hujua kuvaa lakini hawajui kujaribu. Kwanza mteja anafunikwa kichwa na uso kwa mtandio mwepesi wa voili, gauni linapita juu ya mtandio, kisha mtandio unavutwa kutoka shingoni. Hivyo hakuna poda wala rangi ya midomo inayogusa kitambaa. Anavaa sindiria na nguo ya kubana tumbo atakazovaa siku yenyewe, na viatu vyenye kisigino kilekile, maana pindo linalofagia sakafu kwa kiatu bapa linaweza kuwa sawasawa kwa kisigino cha inchi nne. Zipu naipandisha mimi, taratibu, nikiwa nimeshika mshono kwa mkono wa kushoto pale chini. Ikisita pale kitambaa cha kiuno kinapoungana na cha kifua, sisukumi, kwa sababu hapo ndipo zipu nyingi hufia.

Halafu namwomba akae. Nina kigoda kifupi kwa kazi hiyo. Gauni linaloonekana zuri mtu akiwa amesimama linaweza kumkatisha pumzi akiwa amekaa, na sherehe zetu ni za kukaa saa tano. Namwomba anyanyue mikono yote miwili kama anayepokea zawadi, kwa sababu atapokea zawadi. Namwomba apige magoti, kwa kuwa katika sendofu nyingi binti hupiga magoti kumlisha mama yake keki, na nimewahi kuona mpasuo wa gauni ukifunguka hadi juu ya paja wakati wa kupiga magoti peke yake. Mwisho nampigia muziki kwenye simu achezecheze kidogo. Mama mmoja kutoka Magomeni, aliyemsindikiza binti yake wa mwisho, alikaa kimya muda wote wa jaribio, kisha muziki ulipoanza akasimama, akamshika binti kiuno, wakacheza wote wawili mbele ya kioo mpaka kamba ya begani ikashuka. "Hiyo kamba, mwanangu," aliniambia, "ndiyo niliyokuwa naitafuta." Tuliishona mahali pake siku hiyohiyo.

Kutokana na majaribio hayo nimebadili hata namna ninavyonunua. Gauni linalofungwa kwa kamba mgongoni linaweza kuwakaa wanawake waliopishana inchi tatu au nne za kifua. Lenye zipu linamkaa mmoja na nusu ya mwingine. Gauni lenye akiba ya inchi moja ndani ya mishono ya pembeni ninalinunua hata likiwa ghali zaidi. Suti za wanaume ninazo chache na sitazisemea mengi: bega likikaa, mengine yote fundi anayaweza, bega lisipokaa, hakuna cha kufanya.

Kazi ngumu ilibaki kuwa ya mikoani. Mteja wa Morogoro, Iringa au Dodoma hawezi kuja Sinza kujaribu, na kumpelekea gauni la shanga kwa basi, alijaribu, kisha lirudi, ni kulitoa kwenye kazi kwa wiki nzima na kuliweka chini ya mizigo ya watu mara mbili. Kwa miaka miwili niliwakatalia wateja hao, na kila nilipokataa nilijua kwamba mwingine atawakubalia kwa vipimo vitatu kama nilivyofanya mimi zamani.

Jawabu lilitoka kwa fundi wangu, mzee aliyejifunza kushona kabla sijazaliwa. Alinisikiliza nikilalamika, akafungua droo ya cherehani, akatoa kipande cha marekani, ile pamba nzito isiyopaushwa ambayo mafundi huitumia kujaribia mkato kabla ya kukata kitambaa cha bei. Aliniuliza kwa nini nasafirisha gauni wakati kinachotakiwa kusafiri ni umbo lake. Siku ile aligeuza ndani nje lile gauni la lesi ya divai, akalipima mshono kwa mshono, na ndani ya saa tatu akawa ameshona pacha wake wa marekani: kifua kilekile, kiuno kilekile, nyonga zilezile, zipu mahali palepale, akaikatia magotini kwa kuwa chini ya hapo gauni ni pana na halimbani mtu. Urefu kamili aliuandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye pindo.

Kitambaa hicho kilipata jina lake katika pwani yetu katika karne ya 19, wakati merikebu za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, huko Marekani, zilipokuwa zikileta Zanzibar pamba iliyofumwa kwao na kuondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Kimekuwa sanda, kimekuwa nguo ya kazi, kimekuwa matanga ya vyombo, na katika kabati langu leo kimekuwa chumba cha kujaribia kinachopanda basi. Nina pacha kumi na tisa, si moja kwa kila gauni, kwa sababu magauni mengine yanalingana umbo, na yale yenye kuvutika hayahitaji. Pacha mmoja anagharimu mita mbili za kitambaa, zipu ya bei rahisi na malipo ya fundi. Akipotea njiani sipotezi usingizi. Akirudi anafuliwa kwa maji ya moto na kupigwa pasi, jambo ambalo satini haiwezi kuvumilia.

Mteja hupokea ndani ya boksi pacha huyo, pini nne, kalamu, na karatasi inayomweleza yale ninayoyafanya chumbani: sindiria ya siku yenyewe, viatu, kukaa, kunyanyua mikono, kupiga magoti. Panapopwaya anabana kwa pini. Panapobana anachora mstari. Kama anapenda, tunazungumza kwa simu ya video wakati amevaa, na mimi namwongoza mtu aliye naye. Marekani haimwonyeshi uzito wa shanga wala jinsi satini inavyoteleza kwenye nyonga, na ninamwambia hivyo waziwazi. Lakini ni ngumu kuliko satini na krepu, kwa hiyo anayeingia ndani ya marekani bila kushindana nayo, gauni lenyewe litampokea.

Watu huniuliza kwa nini ninahangaika na pini na mabasi wakati sasa kuna programu zinazochukua picha yako na kukuvika gauni lolote kwenye skrini. Nimezitumia. Zinasaidia katika jambo moja muhimu, kuchagua rangi na mtindo, na mteja aliyeona kwamba shingo ya mraba inampendeza huja akiwa ameshapunguza magauni kumi hadi mawili. Januari 2025 Amazon ilifunga huduma yake ya kumpelekea mteja nguo azijaribu kwanza ndipo anunue, na ikataja zana za akili unde, ikiwamo kujaribu kwa picha, kuwa miongoni mwa sababu. Kwa anayenunua, pengine inatosha, kwani nguo isiyomkaa atairudisha. Picha haina mbavu wala pumzi, na zipu iliyochorwa haigomi kamwe. Kwa anayekodi, kuonekana kwamba gauni litampendeza bila kujua kama litafungika ndiko kulikomfikisha mteja wangu wa Mbezi pale alipofika.

Isitoshe, picha hizo ni za miili ya watu. Mteja anayenitumia picha akiwa amevaa nguo ya ndani ili nimkadirie amenipa kitu kizito kuliko kodi yake, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika Mei 2023, jambo hilo si la adabu peke yake. Siombi tena picha za namna hiyo. Zikija bila kuombwa nazifuta mbele ya mteja na kumwambia nimezifuta. Vipimo navihifadhi kwenye daftari, kwa jina la kwanza, na sherehe ikipita navikata kwa mstari, isipokuwa mteja mwenyewe ameniomba nivitunze.

Gharama ya haya yote ni kweli ipo. Gauni linalotoka Alhamisi kwa sherehe ya Jumamosi hurudi Jumatatu, husafishwa Jumanne, na kama Jumatano limekwenda kujaribiwa, basi halina siku ya kupumzika hata moja. Katika miezi ya harusi, baada ya Ramadhani, baada ya Kwaresima na mwezi wa Desemba, gauni linalopendwa lingeweza kutoka mara nne kwa mwezi, lakini kwa utaratibu wangu linatoka mara tatu, kwa sababu nimelikatia wiki moja ya majaribio. Nimepandisha kodi kidogo ili kuifidia hiyo mara ya nne, na bei nimeiandika wazi pamoja na sababu yake. Wapo wanaoniacha kwa ajili ya hiyo bei. Sijui njia nyingine ya haki ya kuifanya kazi hii.

Leo asubuhi nimekwenda stendi ya Magufuli pale Mbezi kuchukua boksi lililotoka Iringa. Ndani yake pacha wa gauni la dhahabu amekunjwa vizuri kuliko nilivyomkunja mimi, pini mbili zikiwa ubavu wa kushoto, na kwenye pindo, chini ya urefu ulioandikwa na fundi, kuna mwandiko wa mtu mzima: "Mimi ni shangazi yake. Hapa pabanwe vidole viwili. Amekaa, amepiga magoti, amecheza." Nimempelekea fundi gauni lenyewe apige bandi, nikarudi nyumbani, nikafungua daftari, nikafuta penseli na kuiandika Jumamosi yake kwa wino.